Meno bandia na vipandikizi nje ya nchi: ya kujua kabla ya kukata tikiti

Ami yangu alirudi kutoka India mwaka juzi akiwa na meno. Nasema hivyo kwa sababu miaka tisa kabla ya hapo hakuwa na hata moja la juu, na tulishazoea kumwona akichovya mahamri kwenye chai mpaka yalainike kabisa ndipo ale. Aliporudi Mombasa alicheka mbele za watu bila kuziba mdomo. Familia ilikuwa imechanga, yeye mwenyewe akauza pikipiki mbili alizokuwa akizikodisha, na sote tuliona pesa zimekwenda mahali pake.

Miezi kumi na minne baadaye akanipigia simu. “Mwanangu, haya meno yacheza.”

Tulizunguka kliniki tatu za meno mjini. Kila daktari alimtazama kwa upole, akauliza swali lile lile: hivi vipandikizi ni vya kampuni gani? Ami hakujua. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, skrubu moja imelegea. Lakini kila kampuni ina skrubu zake na bisibisi yake, na bisibisi isiyokuwa yake huharibu kichwa cha skrubu, hapo kazi ndogo ikawa kubwa. Kliniki aliyotibiwa haikupokea simu. Ami alikunywa uji wiki tatu.

Kilichotutoa ni simu ya bintiye. Alisafiri na babake, na siku ya upasuaji, kwa kuchoka kukaa bure, alipiga picha ya vibandiko ambavyo muuguzi alikuwa akivigandisha kwenye faili. Vibandiko hivyo vilikuwa na jina la kampuni, kipimo cha kila kipandikizi na nambari ya toleo. Daktari mmoja hapa akaagiza bisibisi kutoka Nairobi, ikaja na basi, na kazi ikaisha kwa dakika ishirini.

Tangu siku hiyo watu huniuliza habari za safari za meno kana kwamba mimi ni wakala. Si wakala. Nimekusanya hapa yale ambayo familia yetu ingepaswa kuyajua mapema.

Vitu vitatu vyenye majina yanayochanganywa

Tangazo likisema “meno mapya mdomo mzima”, laweza kumaanisha kimoja kati ya vitu vitatu, na bei zake hazikaribiani.

Cha kwanza ni meno bandia ya kuvua na kuvaa, yale ambayo wazee wetu huyalaza kwenye gilasi ya maji usiku. Mara nyingi hutengenezwa kwa akriliki. Ya juu hushika kwa kunyonywa na paa la mdomo. Ya chini hayana pa kunyonywa, yakaa tu juu ya ufizi huku ulimi ukiyasukuma, na ndiyo yanayolalamikiwa zaidi.

Cha pili ni meno bandia yanayobanwa na vipandikizi viwili. Kipandikizi ni mfano wa skrubu ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi wa jino. Daktari hutia viwili mbele ya taya la chini, kisha meno bandia hubonyezwa juu yake kama kifungo cha shati. Bado unayavua usiku, lakini hayaruki ukipiga chafya. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walisema kwamba kwa mtu asiyekuwa na jino hata moja la chini, njia hii ndiyo iwe chaguo la kwanza badala ya meno bandia matupu. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na bado wagonjwa wengi hawaambiwi kuwa kuna njia hii ya katikati. Matangazo ya safari hayaitaji kwa sababu faida yake ni ndogo.

Cha tatu ndicho kinachouzwa kwa kelele: daraja la meno lisilovuliwa, lililofungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi vinne, sita au zaidi kwa kila taya. Mtindo wa vinne, viwili vya nyuma vikiinamishwa ili vikwepe mahali penye mfupa haba, ulienezwa na daktari Paulo Malo wa Ureno tangu miaka ya 1990. Ami alitiwa huu.

Elimu yenyewe si ya jana. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua mwaka 1952, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa huota na kuishikilia titani isibanduke. Mgonjwa wa kwanza alimtilia mwaka 1965 mjini Gothenburg, na mtu huyo aliishi na vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Leo tafiti nyingi zaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 vingali imara baada ya miaka 10. Kwa hivyo anayekwambia kwamba vipandikizi ni utapeli hajui asemalo. Utapeli, ukiwepo, huwa kwenye haraka na kwenye ahadi.

Kwa nini huko ni rahisi

Wamarekani huvuka mpaka kwa miguu kuingia Los Algodones, mji mdogo wa Mexico wenye mamia ya madaktari wa meno, wanaohudumia zaidi wazee kutoka ng'ambo ya pili. Bima ya serikali ya wazee wa Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipii meno bandia, na vipandikizi vya taya moja tu huko kwao mara nyingi huvuka dola 20,000. Waaustria nao huingia Hungary, hasa Mosonmagyaróvár, mji ulio karibu na mpaka wao. Waingereza siku hizi huenda Uturuki. Sisi wa Pwani tumeelekea India, kwa kuwa njia ya kwenda huko kutafuta tiba ya moyo, figo na saratani tayari tunaijua, na karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kwenda.

Urahisi wa bei si lazima uwe dalili ya ubovu. Sehemu kubwa ya gharama ya meno ni mshahara wa watu: daktari, muuguzi, na fundi anayekaa maabara akichonga daraja kwa saa nyingi. India ina vyuo vya udaktari wa meno zaidi ya 300. Kenya ilianza kufunza madaktari wake wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na mpaka leo vyuo vyetu vya kazi hiyo vyahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Penye madaktari wengi na maabara nyingi, bei hushuka, na daktari anayetia vipandikizi kila siku mkono wake hukomaa.

Lakini bei hushuka pia kwa njia nyingine. Kuna kliniki zinazotumia vipandikizi vya kampuni ambayo kesho haitakuwepo, na kuna zinazobana kazi ya miezi ndani ya siku tano. Uturuki imepata jina baya kwa jambo jingine tena: vijana wa Uingereza waliokwenda kung'arishwa meno wakarudi meno yao mazima yamechongwa mpaka yakabaki vijiti, kisha yakavikwa kofia za kauri. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimelionya umma juu ya hilo zaidi ya mara moja. Jino likishachongwa halirudi.

Kwa meno bandia ya kawaida, baki hapa

Hili nalisema bila kuzunguka. Ikiwa unachotaka ni meno ya kuvua na kuvaa, usipande ndege. Kuyatengeneza vizuri huchukua miadi minne au mitano: kupima ufizi, kupima namna mataya yanavyokutana, kuyajaribu yakiwa bado ya nta, kuyavaa, kisha kurudi yachongwe panapochubua. Na patachubua. Hiyo miadi ya kurudi ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo utakayoikosa ukiwa umesharudi Kisauni.

Tena mfupa wa taya husinyaa baada ya kung'olewa meno, zaidi katika mwaka wa kwanza. Meno yaliyokukaa vyema mwezi wa kwanza yatakuwa mapwaya mwezi wa nane, na itabidi yatiwe akriliki mpya kwa ndani. Kila miaka michache mambo ni hayo hayo. Meno bandia yataka daktari unayeweza kumfikia kwa matatu.

Daktari huyo awe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC), na jina lake laweza kutafutwa kwenye tovuti ya Baraza. Fundi wa maabara kazi yake ni kuunda meno. Anayekuita chumbani kwake akupime mdomo mwenyewe, akakuahidi meno jioni ile ile, mshukuru uende zako.

Safari ni mbili

Hapa ndipo hesabu za watu huvunjika. Mfupa huhitaji muda kushikamana na titani, kwa kawaida miezi mitatu au minne taya la chini, na hadi sita taya la juu ambalo mfupa wake ni laini. Hakuna kliniki duniani, iwe ya bei gani, inayoweza kuuharakisha. Wakikwambia “meno mapya kwa siku tatu”, wanamaanisha meno ya muda, ya plastiki, yanayofungwa juu ya vipandikizi vipya ili usitoke mdomo mtupu. Si uongo, maadamu wamekueleza. Daraja la kudumu hufungwa baadaye.

Basi piga hesabu hivi. Safari ya kwanza ya siku saba hadi kumi: skani, kung'oa yaliyobaki, kutiwa vipandikizi, meno ya muda. Kisha miezi minne hadi sita nyumbani. Safari ya pili, pengine wiki mbili, ya kupima upya, kuchonga na kufunga daraja la kudumu. Tikiti mara mbili, hoteli mara mbili, na kwa mzee, mtu wa kumsindikiza mara mbili. Viza ya matibabu ya India huombwa mtandaoni na hudumu siku 60, kwa hivyo safari ya pili yataka viza nyingine. Cheti cha homa ya manjano nacho ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya kudungwa. Usidungwe wiki ya safari.

Ukiongeza yote hayo juu ya bei ya kliniki, ndipo uiweke kando ya bei ya Mombasa au Nairobi. Kwa kipandikizi kimoja au viwili, safari haina maana hata kidogo, tikiti itameza ulichookoa. Kwa taya zima au mataya mawili yaweza kuwa na maana. Omba makadirio ya maandishi kutoka kwa madaktari wawili wa hapa kwanza. Ami hakuomba hata moja. Alidhani kazi hii haifanywi Kenya, na inafanywa.

Kama mfupa wa taya la juu ni haba, daktari huongeza mfupa chini ya uwazi ulio nyuma ya shavu. Hiyo huongeza miezi, na madaktari wengi humkataza mgonjwa kupanda ndege kwa wiki moja au mbili baadaye kwa sababu ya shinikizo la hewa. Uliza hili kabla ya kukata tikiti ya kurudi.

Na hapa lipo swali ambalo msomaji Muislamu huona haya kuliuliza: mfupa huo ni wa nini? Unga wa mfupa unaotumika sana hutoka kwa ng'ombe. Utando unaofunika mahali pale, ambao ni wa kolajeni, mwingi hutoka kwa nguruwe. Wapo wa ng'ombe, na upo unga wa kutengenezwa maabara usiotokana na mnyama. Daktari haudhiki ukimuuliza, ila aulizwe mapema, kwa maandishi, apate kuagiza. Ukilala kitini na ganzi imeshaingia umechelewa.

Mwili wako kwanza

Sukari ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani zina mgonjwa wake. Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii vipandikizi. Kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hualika maambukizi. Pima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kabla hata ya kuandikia kliniki. Ikivuka 8, madaktari wengi husita, na wako sahihi. Kliniki isiyokuuliza habari za sukari ikuogopeshe.

Sigara karibu huongeza maradufu uwezekano wa kipandikizi kukataa. Tambuu na muguka nao, pamoja na soda na gamu tamu zinazoandamana nao, huuweka mdomo mahali pabaya. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kupigwa miale ya saratani shingoni au usoni, amwambie daktari kabla ya jambo lolote, maana kwake mfupa wa taya waweza kukosa kupona.

Halafu kuna chakula. Wiki sita hadi nane baada ya upasuaji ni vitu laini: uji, wali uliopondwa, samaki wa kuchemsha, ndizi. Muhogo wa kukaanga, kashata na mishkaki visubiri. Meno ya muda yakivunjika kipindi hiki, mtikisiko hushuka mpaka kwenye kipandikizi ambacho bado hakijashikwa. Usipange upasuaji wiki mbili kabla ya Ramadhani wala kabla ya harusi ya mwanao. Nimeona yote mawili.

Karatasi za kurudi nazo

Fedha zisitumwe zote kwa mkupuo. Lipa kwa hatua, na kila hatua iwe na risiti iliyoandika kilichofanywa. Wakala anayekuletea bei kwa WhatsApp hulipwa na kliniki. Hilo si kosa, lakini ujue anamfanyia nani kazi. Mtafute daktari mwenyewe kwa jina, uulize amesajiliwa na baraza gani, na uombe kuzungumza naye uso kwa uso kwenye simu kabla ya kutuma hata shilingi. Muulize pia kipandikizi kikikataa nani atagharimia kingine, na kama tikiti imo. Karibu kamwe tikiti haimo. Bima ya safari mara nyingi hailipii matatizo ya tiba uliyoifuata mwenyewe, na Baraza letu halina mamlaka juu ya kliniki ya nchi nyingine. Ukidhulumiwa, utashtakia kwao, kwa sheria zao, kwa nauli yako.

Usiondoke bila hivi: vibandiko vya kila kipandikizi au nakala yake, skani ya kabla na ya baada kwenye diski au simu, ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, na maelezo ya skrubu zilizotumika na nguvu zilizokazwa nayo. Chagua kampuni ambayo vifaa vyake vyapatikana Kenya. Majina kama Straumann na Nobel Biocare, au Osstem ya Korea Kusini, yajulikana duniani, lakini muulize daktari wa hapa ni zipi anazo bisibisi zake. Naam, mtafute daktari wa hapa kabla ya kwenda. Wako watakaokataa kugusa kazi ya mwingine, na wana sababu zao, kwani akigusa lawama huwa yake. Atakayekubali mapema, kwa ada mtakayopatana, ana thamani kuliko punguzo lolote.

Daraja la vipandikizi halipati kutoboka kama jino, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka huoza. Uchafu ukikaa chini yake, mfupa huliwa polepole bila maumivu mpaka kipandikizi kilegee. Lisafishwe chini kila siku kwa uzi mnene au brashi ndogo za katikati ya meno, na daktari alitazame kila miezi sita. Ami hakuambiwa hili, au aliambiwa kwa Kiingereza cha haraka siku ya kuondoka.

Kwa jamaa walio nje

Upo pia msafara wa kinyume. Ndugu zetu walio Uingereza na Ghuba huja likizo wakitaka meno yatengenezwe Mombasa. Kwa aliye Uingereza namshauri apige hesabu kwanza: huduma ya serikali, NHS, upande wa England, hutoza meno bandia kwa kiwango cha tatu, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 326.70 kwa kazi nzima, na marekebisho yamo. Shida ni kumpata daktari wa NHS anayepokea wagonjwa wapya. Vipandikizi NHS huvitoa kwa nadra sana.

Anayeamua kuja nyumbani asifike na wiki mbili za likizo akataka kung'olewa na kuvishwa. Ang'olewe huko aliko miezi mitatu kabla, ufizi upone na mfupa utulie, kisha aje na wiki nne kamili. Wiki mbili za mwanzo ni za kuyatengeneza. Mbili za mwisho ni za kula nayo, kuchubuka, na kurudi kliniki.